Sura ya Tisa: Kilo Sabini

Inspekta alipofika karakana kwa mara ya pili, alikuta sanamu inaondoka.

Lori la winchi lilikuwa limeingia kinyumenyume hadi katikati ya ua, na ile kazi ya mwisho ya Mama Chuma ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo, nusu mita kutoka ardhini, ikizunguka taratibu. Kando ya mlango jenereta lilinguruma kwa kishindo, hata watu wakawa wanasemezana kwa mikono. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama Chuma, aliyetengeneza sanamu katika ua huo kwa miaka ishirini, hakuwa ameonekana tangu juzi jioni.

Siku nzima ya jana Inspekta alikuwa ameipotezea kwa jirani, fundi seremala, aliyewahi kuapa mbele ya watu kwamba iko siku atamnyamazisha yule mwanamke na makelele yake. Ni kauli tamu kwa polisi yeyote. Bahati mbaya, juzi jioni mpaka alfajiri seremala alikuwa hospitalini mkewe akijifungua, na wauguzi watatu walimkumbuka vizuri kwa sababu alizimia yeye kabla mkewe hajamaliza. Inspekta alimwachia asubuhi, akamwomba radhi, akarudi mahali ambapo alipaswa kuanzia.

"Afande," Konstebo alimpigia kelele sikioni, akiitazama ile sanamu. "Hiki ni nini hasa?"

"Hakina jina. Kila mtu anaona lake."

"Mimi naona trekta lililopinduka mtaroni."

"Basi lione kimoyomoyo. Binti yake yule pale."

Binti wa Mama Chuma alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na geti, macho yamevimba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye aliyekuja kituoni jana alfajiri kuripoti. Inspekta alimwagiza Konstebo akakae naye, kisha akasogea peke yake kuitazama sanamu kwa karibu.

Ilikuwa ya mabamba mazito yaliyokunjwa na kuunganishwa, ndefu kupita mtu, tumbo pana upande mmoja na upande wa pili imechongoka. Haikuwa na kichwa, wala mguu, wala mlango. Ndani ilikuwa wazi kama tangi. Juu ya ubavu, kando ya mshono uliong'aa kuliko mingine, mtu alikuwa ameandika kwa chaki, kwa mwandiko wa haraka, "kilo 840".

"Karibu tena, Afande."

Aliyesema alikuwa Kijiti, fundi wa kuchomelea, mshirika wa Mama Chuma kwa miaka kumi na sita. Watu walimpa jina hilo kwa wembamba wake, naye alilipokea kwa moyo mmoja. Jana alikuwa amemletea Inspekta kiti, maji na kila jibu alilolihitaji. Leo alikuwa ameshika nyundo ndogo, ile wanayogongea ukoko wa chuma baada ya kuchomelea, na kwapa zote mbili za ovaroli yake zilikuwa zimelowa.

"Inakwenda wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kiwandani, Afande. Kuzamishwa kwenye zinki. Wana bwawa la zinki iliyoyeyuka, joto nyuzi mia nne na kitu. Kitu kikitoka humo hakishiki kutu maisha."

"Nani aliagiza?"

"Mama mwenyewe. Tulipangiwa saa sita. Tukikosa zamu hiyo ni mpaka mwezi ujao, na wenye sanamu wanaitaka."

Lilikuwa jibu zuri. Inspekta aliliandika. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia ya kuandika hata lile asiloliamini, akijua kwamba njia ya mwongo ni fupi na ukimwacha atembee mwenyewe ataifikia mwisho.

Hapo dereva wa winchi akateremka kutoka kwenye lori, amekunja uso. Alikuwa mzee wa makamo, mwenye hasira za mtu ambaye kila siku huambiwa harakisha.

"Wee Kijiti, umenidanganya! Mzigo wako umeandikwa mia nane na arobaini. Mizani yangu inasema mia tisa na kumi."

"Mizani yako mbovu, mzee."

"Mbovu? Imepimwa wiki iliyopita! Mkono wangu wa winchi unajua kuhesabu kuliko wewe. Kuna kilo sabini hapa sijaambiwa."

"Ni vijiti vya kuchomelea," alisema Kijiti, safari hii akimtazama Inspekta na si dereva. "Mama alipima mabamba kabla hatujaunganisha. Ukichomelea, chuma kinaongezeka. Kila mshono una uzito wake."

"Mlitumia vijiti vingapi?"

"Vingi tu, Afande."

"Pakiti ngapi?"

Kijiti alicheka kidogo. "Nani anahesabu?"

Inspekta alihesabu. Aliingia karakana, akainama chini ya meza ya kazi, akatoa maboksi matupu moja moja na kuyapanga sakafuni. Yalikuwa matatu, na kila moja limeandikwa kilo tano. Pembeni kulikuwa na kopo lililojaa vishina, vile vipande vinavyobaki kijiti kikiisha mkononi. Kwa hiyo hata kama kila kijiti kingeyeyuka chote, zisingezidi kilo kumi na tano. Zilibaki hamsini na tano na ushei.

Alipokuwa amechuchumaa hapo, feni ya ukutani ilimpulizia vumbi usoni. Alifumba macho, akayafumbua, akaitazama feni. Waya wake ulikwenda kwenye soketi ya ukutani. Taa nayo ilikuwa inawaka. Umeme ulikuwepo.

Akageuka kulitazama jenereta lililokuwa likinguruma mlangoni. Waya wake ulikuwa umeviringishwa vizuri na kutundikwa kwenye msumari. Haukuunganishwa na kitu chochote.

Inspekta aliogopa. Hakujua bado anaogopa nini. Alitoa kwenye mfuko wa shati ile fomu ya mtu aliyepotea, iliyojazwa na binti kwa mwandiko safi wa ualimu. Umri, hamsini na mbili. Urefu, wa kati. Uzito, kilo sitini na moja.

Aliikunja fomu mara nne na kuirudisha mfukoni. Kisha akatoka kwenda getini, akijilazimisha asikimbie.

"Mwalimu," alimwambia binti, midomo ikikaribia sikio lake. "Mama yako huzamisha kazi zake kwenye zinki?"

Binti alimtazama asielewe. "Zinki? Mama? Mama hapaki hata rangi, Afande. Anasema kutu ndiyo rangi ya chuma, na anayeiogopa akanunue plastiki. Amegombana na wateja kwa ajili hiyo."

"Na baada ya kuchomelea, mshono huwa anausugua?"

"Hasugui. Anataka uonekane. Kwani kuna nini?"

"Kaa hapa. Konstebo, mshike mkono, asisogee."

Konstebo aliusoma uso wa bosi wake. Alimshika tu yule binti mkono, kama alivyoagizwa.

Inspekta alimfanyia dereva ishara ateremshe mzigo. Winchi ikalia, na sanamu ikatua juu ya magogo mawili. Aliizunguka polepole. Mishono yote ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya hudhurungi kwa umande wa ua ule, isipokuwa mmoja. Huo ulizunguka bamba moja la ubavuni, bamba linalotosha mtu kupita akiwa amelazwa, na ulikuwa unang'aa, mweupe, umesuguliwa kwa brashi ya waya. Pale chini, karibu na gogo, palikuwa na tundu la upana wa kidole gumba. Unyoya wa chuma uliotolewa na kekee ulikuwa bado umejisokota pembeni. Kwenye ncha ya juu palikuwa na tundu jingine kama hilo.

"Hayo ni kwa ajili ya zinki," alisema Kijiti nyuma yake. Inspekta hakuwa amemsikia akija. "Kitu chenye uwazi ndani hakizamishwi bila matundu mawili. Hewa itoke juu, zinki iingie chini. Bila hivyo kinalipuka. Hakuna fundi anayeweza kusahau, Afande, mkono wenyewe unafanya."

"Lini mlifunga hili bamba?"

"Wiki iliyopita. Mama mwenyewe."

"Zima jenereta."

Kijiti hakusogea. Nyundo ilikuwa mkononi mwake, na alikuwa akiigongesha pajani taratibu.

"Umeme haueleweki siku hizi, Afande. Likizimwa, kuliwasha tena ni shughuli."

"Feni yako inapata wapi umeme?"

Nyundo ikaacha kugonga paja. Kati ya Inspekta na jenereta palikuwa na hatua kumi na mbili, na ili kufika ilimbidi apite mbele ya Kijiti na kumpa mgongo. Konstebo alikuwa mbali, kwenye geti. Dereva alikuwa ndani ya lori, anatafuta kitambaa cha kujifutia jasho. Inspekta alifikiri juu ya kisogo chake mwenyewe, akaona jinsi kilivyo chepesi kupasuka. Halafu akapiga moyo konde, akapita. Alihesabu hatua zote kumi na mbili, na katika kila moja alingoja pigo. Aliinama, akabonyeza swichi.

Jenereta likakohoa mara mbili na kunyamaza.

Kimya kilishuka ukasikia feni ndani ya karakana, ukasikia mnyororo wa winchi ukitikisika. Dereva alitoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini. Inspekta alimnyamazisha kwa kidole. Aliokota spana chini, akarudi kwenye sanamu na kugonga bamba lile mara tatu.

Hakuna.

Akagonga tena. Akaweka sikio kwenye chuma, na chuma kilikuwa cha moto kwa jua.

Kitu kilikwaruza upande wa ndani. Kilikwaruza kama kucha zinavyokwaruza bati, kikaacha, na baadaye sana, kwa udhaifu wa kutisha, kikagonga mara moja.

Binti alipiga ukelele ambao Inspekta hakuwahi kuusikia kazini kwa miaka kumi na tisa. Alichomoka mikononi mwa Konstebo, akaanguka magotini kwenye tundu la chini, akaweka mdomo. "Mama! Mama! Ni mimi! Mama!"

Kijiti alikaa. Alikaa tu, pale pale kwenye vumbi, akaweka nyundo kando yake kwa uangalifu. Konstebo alipomfunga pingu aliinyoosha mikono mwenyewe.

"Mjomba," binti alisema, akigeuka kumtazama. Ndivyo alivyomwita tangu akiwa mtoto. "Mjomba, umefanya nini?"

"Nilidhani amekufa," alisema Kijiti. Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa ya kweli. "Haki ya Mungu nilidhani amekufa. Tuligombana. Nilimwomba kitu kimoja, miaka kumi na sita nimeomba kitu kimoja, agonge alama yangu pembeni ya yake. Mikono yangu, jina lake! Akasema mikono inakodishwa. Nikamsukuma, akajigonga kwenye fuawe, hakuamka. Nikaogopa."

"Ukamwingiza humo."

"Bamba lilikuwa bado halijafungwa. Nilifikiri zinki itamaliza kila kitu, hakuna atakayejua."

"Na jenereta?"

"Nikilizima nilikuwa nasikia vitu. Nilidhani ni dhamiri yangu, Afande. Nilidhani nachanganyikiwa."

Inspekta aliandika. *Alidhani amekufa.* Aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, na ukweli ni kwamba aliyaamini nusu. Alikuwa ameona watu wengi waliomficha maiti kwa woga, na woga wa Kijiti ulikuwa unamtoka kwa jasho. Mtu wa namna hiyo hakimu humwonea huruma kidogo.

Lakini hapakuwa na muda wa kuwaza mahakama. Jua lilikuwa linapanda, na chuma kilikuwa hakishikiki tena. Dereva alitaka kukata kwa moto wa gesi.

"Utamchoma!" binti alimkemea. Alikuwa amesimama, amejipangusa uso kwa kiganja, na ghafla akawa mtu mwingine. "Grenda. Diski nyembamba. Iko kwenye droo ya pili."

"Unaijua kuitumia?" Inspekta aliuliza.

"Nimelelewa humu ndani, Afande. Kazi hii niliikimbia tu."

Kwanza walipitisha maji. Konstebo alipata mpira mwembamba, wakauingiza kwenye tundu la juu na kuyamimina kidogokidogo, na wote wakanyamaza kusikiliza. Walisikia mtu akinywa. Dereva wa winchi, mzee yule wa hasira, aligeuka akaangalia ukuta, mabega yakimtikisika. Kisha binti akaweka mdomo kwenye tundu la chini na kumwambia mama yake, kwa sauti ya darasani, ajivute mpaka ncha iliyochongoka, afumbe macho, afunike uso kwa nguo.

"Umenisikia, mama? Gonga."

Aligonga.

Grenda ilipiga kelele. Cheche ziliruka hadi kwenye viatu vya Inspekta. Binti alifuata ule mshono mweupe, mkono haumtetemeki hata kidogo, huku Konstebo akimwaga maji juu ya chuma na mvuke ukiwafunika wote wawili. Ilichukua dakika kumi na nane. Inspekta alisimama muda wote huo karibu na Kijiti, na mara moja alipomtupia jicho alimkuta hatazami kazi. Alikuwa anatazama geti.

Bamba likaanguka kwa mlio uliotikisa madirisha ya mtaa.

Harufu ilitoka kwanza. Binti aliingiza kichwa na mikono, akaita, akabembeleza. Wote walisubiri mtu atoke. Hakutoka. Badala yake walisikia miguu ikisukuma chuma, mtu anajirudisha nyuma, ndani zaidi, kule kwenye ncha ambako hata mwanga haukufika.

"Ananikimbia," alisema binti. "Afande, mama ananikimbia."

"Hakukimbii wewe. Konstebo, mtoe Kijiti hapa. Mpeleke garini, funga mlango."

Aliposikia hatua za Kijiti zimeishia nje ya geti, Inspekta alivua kofia, akavua mkanda wenye bastola akaukabidhi kwa dereva aliyeupokea kama aliyepewa nyoka, akaingia kwa magoti. Joto lilimpiga usoni. Chuma kilimbana mabega pande zote mbili, na kwa kitambo alipatwa na wazo la kijinga kwamba bamba litarudi lenyewe mahali pake. Alitambaa hata hivyo. Mkono wake ukagusa mguu, na mguu ukaruka.

"Mama, mimi ni polisi. Binti yako yuko hapo nje. Ndiye aliyekata."

Macho yake yalizoea giza, akamwona. Mwanamke alikuwa amejikunja, damu imekauka upande mmoja wa kichwa, midomo imepasuka, kucha za mkono wa kulia hazipo. Alikuwa akitazama juu ya bega la Inspekta, kwenye mwanga.

"Yuko wapi?" Sauti yenyewe ilikuwa pumzi tu.

"Kijiti? Amefungwa pingu. Hawezi kukugusa tena. Anasema alidhani umekufa."

Mama Chuma alitikisa kichwa. Alitikisa tena, na tena, kama aliyesahau namna ya kuacha.

"Aliniamkia," alisema.

"Alikuamkia lini, mama?"

"Jana asubuhi. Na leo asubuhi, kabla ya lile jenereta. Aliweka mdomo pale kwenye tundu la chini, kwa adabu zake zote. Akasema, shikamoo, mama."

Inspekta alimshika mkono usio na kucha, akaushika kwa upole kadiri alivyoweza, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakukumbuka kuandika.

"Nami nikaitika," alisema Mama Chuma. "Nikasema marahaba, mwanangu. Nilidhani amekuja kunifungulia."